Glasi mbili tu, na nguzo ya geti

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 41, nimeolewa, nina watoto watatu, naishi Dar es Salaam. Naomba usiweke jina langu maana mawifi zangu wote wanakusoma.

Mwezi wa nane mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito India. Nilikuwa na kilo 127, presha juu, sukari juu, na magoti yalishagoma kupanda ngazi. Walinifanyia ile ya kukata mfuko wa chakula ukabaki kidogo sana, halafu wakauunganisha na utumbo kwa chini. Leo nina kilo 84. Sukari imetulia, dawa za presha nimeachishwa. Kwa hilo namshukuru Mungu kila nikipanda ngazi ya ofisini bila kupumzika katikati.

Shida yangu ni pombe.

Sikuwahi kuwa mnywaji wa kutisha. Zamani kwenye sherehe nilikuwa nakunywa bia tatu, nne, nacheza, narudi nyumbani na akili zangu. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye sendofu ya mtoto wa dada yangu. Nikanywa glasi mbili za waini nyekundu. Mbili tu, Shangazi, tena wahudumu walikuwa wanamimina kwa ubahili. Keki inakatwa nakumbuka. Baada ya hapo sikumbuki kitu mpaka nilipojikuta kwenye usukani getini kwetu, kioo cha pembeni kinaning'inia kwa waya, nguzo ya geti imechubuka, na mwanangu wa miaka tisa kiti cha nyuma anasema, "Mama, umegonga." Hakulia. Alisema kama mtu anayesema mvua inanyesha.

Mume wangu alikuwa Mwanza kikazi. Aliporudi akaangalia kioo, akaniangalia mimi, akasema mtu halewi hivyo kwa glasi mbili, utakuwa ulishaanza nyumbani. Nikaapa. Na siku ile kweli sikuwa nimeanza nyumbani. Lakini kinachoniuma ni kwamba hajakosea sana. Tangu mwezi wa nne nina kichupa kidogo cha konyagi, kile cha mililita 200, nakificha ndani ya ndoo ya unga wa sembe. Watoto wakilala nakunywa. Kilikuwa kinanitosha wiki nzima. Sasa kinakwisha kwa siku mbili, na wiki hii kimoja kilikwisha kwa usiku mmoja.

Zamani siku ikiwa mbaya nilikuwa nakula. Chapati mbili na chai ya maziwa, siku imeisha. Sasa nusu chapati inanikaa kifuani mpaka niitapike. Ila kile kinapita. Dakika tano hazijafika nasikia mabega yanashuka.

Ukweni hawajui kuhusu upasuaji. Tuliwaambia ni mazoezi na kuacha wanga. Nilivyopungua haraka maneno yakaanza, ameungua huyo. Wifi mmoja alimuuliza mume wangu kama tumepima. Desemba tunakwenda ukweni Kibosho, Kilimanjaro, kuhesabiwa kama kawaida, na mama mkwe anapika mbege, ile pombe yao ya ndizi na ulezi, kwa mkono wake. Mwaka jana nilisingizia dawa za taifodi. Mimi si Mchaga, nimetoka Songea, na nikirudisha kata mwaka wa pili mfululizo wataona najisikia, au watathibitisha kwamba naumwa.

Kwenye karatasi za hospitali waliandika soda, pipi, na kutobeba vitu vizito. Pombe kama ilitajwa, ilitajwa mlangoni wakati naondoka. Vitamini walizonipa ziliisha mwezi wa sita, sikununua tena, ni ghali na nilijiona mzima. Siku hizi nyayo zinawaka moto usiku, nadhani ni viatu. Asubuhi kichwa kikiuma nameza diklofenaki, kinatulia.

Naomba uniambie: glasi mbili zinaweza kunizimisha kweli, au kuna mtu aliniwekea kitu? Nimeshakuwa mlevi? Nikiacha vikali nikabaki na bia moja moja, au waini, itafaa? Na Desemba nifanyeje?

Mke wa Kibosho,
Dar es Salaam

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Uliyoyaandika kwa urefu, geti na wifi na kata ya mbege, tutayafikia. Lakini jambo lililonifanya niweke chai chini umelificha katikati kama kichupa kwenye unga. Ni nyayo zako. Mimi nimefanya uuguzi miaka 31 kabla ya kustaafu na kuanza kujibu barua za watu, kwa hiyo leo utanivumilia, nitaanza na miguu.

Mtu aliyeunganishwa utumbo kama wewe, upasuaji unaoitwa baipasi ya tumbo, anakula kidogo, na chakula chenyewe kinaruka ile sehemu ya mwanzo ya utumbo ambako mwili huchota sehemu kubwa ya madini na vitamini. Ndiyo maana vile vidonge si vya miezi kumi, ni vya maisha. B12 haikwishi haraka, mwili huwa na akiba yake, kwa hiyo upungufu hujitokeza taratibu, mtu akishajiona amepona. B1, ile inayoitwa thiamini, akiba yake haifiki mbali, ni ya wiki chache tu. Pombe nayo inazuia hiyo kidogo unayoipata isiingie mwilini. Sasa jumlisha: umeacha vidonge tangu mwezi wa sita, chakula kinagoma mara nyingine unatapika, na kila usiku kuna kichupa. Nyayo kuwaka moto ni mishipa ya fahamu inayolalamika. Viatu havina kosa.

Kesho nenda hospitali, usingoje mwisho wa mwezi. Mwambie daktari haya manne, hata kama ni kwa kuyaandika kwenye karatasi ukamkabidhi: nimefanyiwa baipasi ya tumbo miezi 15 iliyopita, nimeacha vitamini tangu mwezi wa sita, nakunywa pombe kali kila siku, na nyayo zinawaka. La tatu ndilo utakalotamani kulifuta. Usilifute, maana bila hilo atakupa dawa ya malaria au atakwambia ubadilishe viatu kama ulivyojitibu mwenyewe.

Na kuna dalili ambazo zikija huingoji kesho. Ukianza kuona vitu viwili viwili, macho yakichezacheza yenyewe, ukitembea kama uko kwenye boti ya Zanzibar, au wa nyumbani wakisema unaongea mambo yasiyoeleweka, hiyo inaweza kuwa B1 imekwisha kwenye ubongo. Inatibika kwa sindano ikiwahiwa. Ikichelewa, kumbukumbu inaweza isirudi tena. Watu wanaipoteza nafasi hiyo kwa sababu mgonjwa ananuka pombe, basi wote wanasema alale, pombe itaisha. Atakayekupeleka hospitali awaambie wahudumu kuhusu upasuaji na aombe upewe B1 kabla au pamoja na dripu ya sukari, maana sukari ikiingia peke yake inaweza kuimaliza hata ile iliyobaki. Mumeo ayajue haya. Muandikie ayahifadhi kwenye simu.

Diklofenaki acha leo. Pale mfuko ulipounganishwa na utumbo ni mahali pepesi pa kupata kidonda, na dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, ndizo zinazokichimba. Hata panadoli, kwa mtu anayekunywa kila siku, muulize daktari kiasi.

Sasa glasi mbili.

Hakuna aliyekuwekea kitu. Yaani siwezi kuapa, sikuwepo, lakini huhitaji mchawi ili kuelezea kilichotokea. Kwa mtu ambaye hajakatwa, pombe ikiingia inakaa kwanza tumboni, hasa kama kuna pilau chini yake. Tumbo lina mlango kwa chini unaoruhusu kidogo kidogo. Kwenye ukuta wa tumbo kuna kimeng'enya kinachoanza kuivunja sehemu ya pombe hata kabla haijafika kwenye damu. Ndipo utumbo mdogo unaifyonza, ini linamalizia. Wewe mfuko wako ulipotoka chumba cha upasuaji ulikuwa wa kama mililita 30, nusu ya kikombe cha kahawa cha wale wazee wa kijiweni. Ule mlango wa chini umerukwa. Waini ikipita kooni inadondoka moja kwa moja kwenye utumbo mdogo, tena bila pilau, kwa sababu pilau yenyewe unakula vijiko vitatu. Na mwili unaoipokea umepungua kilo 43.

Mwaka 2011 madaktari wa Stanford, Marekani, walichapisha kipimo ambacho hunijia kichwani kila nikipata barua kama yako. Walichukua watu 19 waliokuwa wanaelekea kwenye upasuaji kama wako, wakawapa kila mmoja glasi ya waini nyekundu ya karibu mililita 150, wakapima. Kabla ya upasuaji pombe ilipanda kwa wastani mpaka asilimia 0.024. Miezi mitatu baada ya upasuaji, glasi ileile ikawapandisha mpaka 0.059. Miezi sita, 0.088. Kiwango ambacho nchi nyingi zinamkataza dereva, Tanzania ikiwemo, ni 0.08. Hao walikunywa glasi moja. Wewe ulikunywa mbili na ukashika usukani.

Na ule usiku usioukumbuka, tangu keki mpaka getini, hukuwa umelala. Ulikuwa unatembea, unaaga watu, pengine hata ulicheza. Pombe ikipanda kwenye damu kwa kasi, sehemu ya ubongo inayoandika kumbukumbu inafunga daftari wakati miguu bado inafanya kazi. Ndiyo maana hakuna aliyekunyang'anya funguo. Walikuona mzima.

Kwa hiyo kwenye hesabu ya glasi mumeo amekosea. Kwenye kichupa amepatia, tena bila kukiona.

Umeniuliza kama umeshakuwa mlevi. Neno hilo nawaachia majirani, halina dawa ndani yake. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali kumi, linaitwa AUDIT, na baadhi ya maswali yake umeyajibu bila kuulizwa. Je, umewahi kushindwa kukumbuka yaliyotokea usiku uliokunywa? Je, kuna mtu amewahi kuumia kwa sababu ya wewe kunywa, au mtu wa karibu amewahi kuwa na wasiwasi na unywaji wako? Unakunywa mara ngapi kwa wiki? Mimi naongeza moja ambalo halimo: unaificha wapi? Mtu mwenye chupa ya kabatini na mtu mwenye kichupa kwenye unga wanaweza kunywa kiasi kilekile, lakini wa pili ameshajua kitu ambacho wa kwanza bado hajajiuliza. Hapo ulipo ni ugonjwa unaotibiwa, na matibabu yake nitakwambia.

Kwanza nikuondolee aibu moja. Unadhani ni wewe tu. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa hospitali kumi za Marekani uliofuatilia karibu watu 2,000 waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Mwaka mmoja kabla, asilimia 7.6 walikuwa na tatizo la pombe. Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji hali ilibaki vilevile. Mwaka wa pili ikapanda, 9.6. Walipoendelea kuwafuatilia, miongoni mwa waliofanyiwa baipasi kama wewe, karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa amepata dalili za tatizo la pombe ndani ya miaka mitano, na hao walianza wakiwa hawana. Mwaka wa kwanza mtu ana hofu, anafuata karatasi, anahesabu vijiko. Mwaka wa pili watu wanamsifu, nguo mpya zinamkaa, kliniki imeacha kupiga simu. Wewe uko mwezi wa 15.

Wanaosema kwamba mtu amehamisha tu uraibu kutoka kwenye chakula kwenda kwenye pombe wamesema nusu. Chapati zako mbili za usiku nazielewa sana, na kweli lile pengo la saa tatu usiku lilibaki wazi. Lakini upasuaji wenyewe umebadilisha kinywaji. Kitu kinachoshusha mabega kwa dakika tano kinafundisha ubongo haraka kuliko kitu kinachochukua nusu saa. Zamani konyagi ilikuwa inakufikia kwa bodaboda ya foleni. Sasa inakuja na king'ora. Hospitali iliyokupasua ilipaswa kukukalisha na kukwambia haya kabla hujasaini karatasi, sio mlangoni umebeba begi. Hilo nalisema kwa hasira kidogo, na nalisema pia kwa hospitali za hapa nyumbani zinazofanya kazi hiyo sasa.

Nikae hapohapo kidogo kwa ajili ya wasomaji wengine, maana najua mko. Mliokatwa mfuko tu bila kuunganishwa utumbo, msijifariji kwamba haya ni ya huyu dada. Vipimo vya damu vimeonyesha pombe inawapanda nanyi kwa kasi na kwa juu kuliko zamani.

Sasa swali lako la bia moja moja. Mwingine angeniuliza, mtu ambaye ndiyo kwanza amepona na hana kichupa popote, ningemwambia asiguse pombe miezi sita ya mwanzo, ikiwezekana mwaka mzima. Baada ya hapo akinywa anywe kidogo sana, taratibu, akiwa amekula, na gari aendeshe mtu mwingine. Wewe sikwambii hivyo. Wewe nakwambia uache yote.

Bia ina gesi, mfuko wako utakusulubu, na chupa ya nusu lita ina kalori zipatazo 200 ambazo hazikushibishi. Waini tamu zile mnazozipenda kwenye sherehe zina sukari inayodondoka kwenye utumbo kwa mkupuo, moyo unaenda mbio, jasho, tumbo linakata. Lakini hizo si sababu zangu kubwa. Sababu yangu ya kwanza ni kwamba mtu anayebaki na bia moja anabaki anahesabu, na wewe unahesabu tangu mwezi wa nne. Ya pili ni hii: baadhi ya watu wa baipasi sukari ya damu huwashuka ghafla saa moja mpaka tatu baada ya kula. Ini ndilo linalopaswa kuokoa jahazi kwa kutoa sukari yake, na ini lenye kazi ya kuvunja pombe linashindwa kuitoa vizuri. Mtu wa namna hiyo anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo, anazimia. Kwa macho ya wifi, amelewa. Watamlaza chumbani na kufunga mlango ili asiwaaibishe. Mwambie mumeo asikubali mlango ufungwe.

Namna ya kuacha. Usimwage kichupa usiku huu ukajifungia na sala peke yake. Mtu anayekunywa kila siku akikata ghafla anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona visivyokuwepo, hata kupata degedege. Ndiyo maana nimesema kesho hospitali: daktari aone unakunywa kiasi gani, aamue kama utaachia nyumbani ukiangaliwa au utalazwa siku chache, na akupe B1. Hospitali za rufaa zina kliniki za afya ya akili, na uraibu wa pombe ni kazi yao ya kila siku. Jina la kliniki lisikutishe, pale kwenye benchi utakaa na mwalimu, na dereva, na mke wa mchungaji. Hapo katikati usiongeze kipimo, na funguo za gari zikae kwa mumeo.

Naye utamwambiaje? Mwambie mchana, si usiku, watoto wakiwa shule. Usianze na maelezo, anza na kichupa. Kitoe kwenye unga, kipanguse, kiweke mezani. Kisha umuonyeshe barua hii kama itakusaidia, sehemu ya waini ataona hukumdanganya. Atakasirika. Muache akasirike, ana haki yake, mtoto aliyekuwa kiti cha nyuma ni wake pia. Ukimaliza mwombe kitu kimoja tu, awe nyumbani ile saa tatu ya usiku kwa wiki chache hizi, hata kama mnaangalia taarifa ya habari bila kuongea. Ule utafiti wa Marekani ulikuta pia kwamba walio katika hatari zaidi ni wale wasiojiona wana watu wao wa karibu. Wewe una nyumba yenye watu watano na ulikuwa unakunywa peke yako jikoni gizani.

Tumefika Kibosho.

Niliwahi kufanya kazi Moshi miaka sita, na kata za mbege nilizopokea ni nyingi kuliko nilizokunywa. Usiidharau ile mbege kwa sababu ina ulezi na ndizi na wazee wanaiita chakula. Nguvu yake haijaandikwa ubavuni kama ya chupa, na ya leo siyo ya kesho kutwa, inaendelea kuchacha kwenye pipa. Kwa tumbo lako kata moja ni safari.

Lakini mama mkwe hapigi hesabu ya mililita. Anaangalia kama umempokea. Kwa hiyo mpokee. Mumeo ampigie simu mama yake kabla ya safari, yeye na si wewe, aseme: "Mama, mke wangu alifanyiwa upasuaji wa tumbo, daktari amemkataza pombe ya aina yoyote." Hakuna neno la uongo hapo, na hakuna kilo hata moja iliyotajwa. Taifodi ilikuwa uongo, ndiyo maana ulihitaji uongo mwingine mwaka huu. Kama mumeo ataona mama anaweza kubeba habari yote, amwambie yote. Mama wakwe wengi wanatunza siri vizuri kuliko tunavyowapa sifa, na yeye akijua, yale maneno ya kuungua atayazima mwenyewe jikoni kwake. Wifi wa vipimo humdai wala hakudai. Muache na dukuduku lake.

Kata ikija, ipokee kwa mikono miwili, shukuru, mpe mumeo. Kisha muombe mama mkwe kitu chake kingine. Muombe mtori. Ndizi zimepondwa laini, nyama imeiva mpaka inajitoa, supu. Mfuko wako utaupokea vijiko vichache vichache, nyama kwanza, na mama atakuwa amekuona unakula kwa mkono wake mbele ya watu. Mpishi akishaombwa chakula, mbege anaisahau. Nimeliona hilo kwa macho yangu, tena kwa mama mmoja mkali kweli.

Limebaki la mtoto. Umesema hakulia, alisema tu umegonga. Watoto wa miaka tisa wakitulia hivyo huwa wanasubiri kuona wakubwa watasema nini, na nyumbani kwenu mpaka sasa hakuna aliyesema. Usimweleze utumbo na mililita. Mwambie, "Siku ile mama alikosea, alikunywa pombe na kuendesha gari na wewe ndani. Mama anaumwa, anakwenda kutibiwa. Gari ataendesha baba." Akiuliza swali, jibu hilo aliloliuliza. Na kile kioo usikipeleke kwa fundi mpaka uwe umemaliza mazungumzo na wote wawili.

Uniandikie Januari mkishahesabiwa. Habari za mbege utanipa ukipenda, za nyayo nazitaka.

Shangazi